Nyaya Tisa, Matundu Manne

9 Machi

Mdogo wangu,

Tarehe 11 Februari, Jumanne, saa nne na robo asubuhi, nilipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto: cha pete chote, na cha kati mpaka kiungo cha pili. Najua umeshasikia. Nimeanza na hilo kwa sababu kila anayenijia analizunguka kama shimo la barabarani, na mimi nimechoka kuzungukwa.

Sasa salamu. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Shemeji yako ndiye anayepika siku hizi, na watoto wamejifunza kula bila kusema neno. Mama amekuja kukaa nami tangu wiki ile ya hospitali. Magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo kabisa. Amepanga upya makabati yangu ya jikoni na sasa mimi, niliyeyatengeneza, sijui kikombe kiko wapi. Anakusalimu na anasema ule vizuri.

Naandika barua kwa sababu simu yako nimeshindwana nayo. Kila nikifika kwenye swali, mtandao wa huko kwenu unaanza kukatika. Karatasi haikatiki. Mwandiko usikutie huruma, mkono wa kulia ni mzima na mwandiko wangu ulikuwa mbaya tangu shule. Karatasi nimeibana kwa kipande cha mbao.

Jambo lenyewe ni hili. Miaka kumi na tisa nimekula kwa useremala. Nilianza na randa moja ya kuazima, wakanicheka, wakaniita Mama Randa, na hao hao sasa wanalala kwenye vitanda vyangu. Hakuna aliyenishika mkono. Tulipojenga ile mashine ya kukata, mimi fremu na wewe umeme, mlango wa kabati uliokuwa ukinila saa tatu ukawa dakika ishirini na mbili. Sasa mkono huu hauwezi tena kubana mbao siku nzima. Daktari amesema, na mimi nimejaribu kwa siri, na daktari yuko sahihi. Mashine ile ndiyo kazi yangu iliyobaki. Lakini siiwashi mpaka nijue ilikuwaje.

Ile bodi ya kijani uliyoniletea, inayopokea amri za kompyuta na kuziendesha mota, ina matundu manne tu ya kupokea habari na rilei moja tu ya kuwasha kitu. Jana nilikaa na penseli nikahesabu mashine inahitaji nini. Swichi za mwisho wa mwendo ni sita, maana mihimili ni mitatu na kila mmoja una ncha mbili. Kipimo cha urefu wa biti ya kukatia, saba. Kitufe chekundu cha kusimamisha, nane. Swichi ya mlango wa kinga, ambayo ulisema utaifunga baadaye, tisa. Tisa ndani ya manne. Upande wa kutoka kuna mota ya kukata, kinyonya vumbi, hewa ya kupuliza na taa ya hatari. Vinne ndani ya moja.

Nataka mawili kwako. Ninunue bodi ipi safari hii, yenye matundu ya kutosha? Na kwenye ile ya zamani, kitufe chekundu ulikifunga kwenye tundu gani? Boksi ulilifunga kwa skrubu za kichwa cha ajabu, bisibisi zangu zote haziingii.

Wasalimie wote nyumbani. Mama anaomba picha ya mtoto mdogo.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada yangu,

Barua yako imenifika imekunjwa mara nne na ina duara la chai katikati. Nadhani dereva wa basi aliifanya kisosi. Nimeisoma mara tatu hata hivyo. Huku tuko salama, ila mtoto mdogo ana kikohozi kisichoisha, na wifi yako anakusalimu kwa machozi. Picha nimeiweka humu. Hajanuna, ndivyo sura yake ilivyo, kafanana na Mama.

Kazini wametupunguza. Tulikuwa mafundi sita wa lifti, tumebaki wanne, na majengo hayajapungua hata moja. Kutwa napanda ngazi za watu kwenda kurekebisha kitu cha kuwaokoa na ngazi. Nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuvua viatu. Usinione nimekaa kimya ukadhani nimekusahau. Kila nikishika koleo naviangalia vidole vyangu, basi.

Kuhusu bodi, nimeulizia kwa watu wanaozijua. Ziko tatu za kufikiria. Ya kwanza ina njia nane za kuingia na mbili za kutoka, karibu ndugu wa ile ya zamani, utaizoea upesi. Ya pili ina kumi na mbili za kuingia na nne za kutoka. Ya tatu ina kumi na sita za kuingia na nane za kutoka, na kila njia imetengwa na bodi kwa taa ndogo ndani yake, kwa hiyo vurugu za umeme wa mota haziwezi kuidanganya. Lakini hiyo ya tatu ni ya watu wa viwanda. Kwa mashine ya kujiburudisha kama yetu, ya pili inatosha na kubaki. Mimi ningechukua ya pili, na swichi mbilimbili za kila mhimili unaweza kuziunganisha ukaokoa matundu matatu.

Hiyo ya zamani, dada, ni miaka miwili sasa, na nimefunga maboksi mengi hapo katikati, mengine hata siyakumbuki. Tulijua wote wawili kuwa ile bodi ni ndogo. Tuliambiana tutaibadilisha. Yaliyopita tuyaache yapumzike, tutazame mbele, ndivyo hata Mama anavyotaka. Na mimi kwa upande wangu sitasema lolote kuhusu ile swichi ya ubavuni ya mota. Kila mtu ana siku yake mbaya.

Mwambie shemeji akikaanga apunguze mafuta, namjua.

Mdogo wako,
Ampea

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Picha imefika. Mama ameibandika kwenye mlango wa friji na kila mgeni anapelekwa kuiona kabla hajapewa kiti. Kikohozi mpelekeni mtoto akasikilizwe kifua, msikae nacho. Sisi tuzima. Mara mbili kwa wiki naenda hospitali kuminya mpira wa sponji. Nimepewa mpira wa kuminya mara mia mbili kwa siku, naminya mia mbili, naandika, na yule dada wa mazoezi anasema hajawahi kuona mgonjwa anayeleta hesabu. Nikamwambia kazi ambayo haikuhesabiwa haikufanyika.

Umesema hutasema lolote kuhusu swichi ya ubavuni, kisha ukaisema. Haya. Tutafika.

Kwanza hilo neno la kujiburudisha. Najua ndivyo wauzaji wanavyoziita bodi hizi. Lakini mimi sikuwahi kujiburudisha na ile mashine hata nusu saa. Imewasomesha watoto watatu.

Pili, lile boksi nimelifungua. Nilizitoboa vichwa zile skrubu nne kwa drili. Shemeji yako alishika kipimo cha umeme, mimi nikafuata waya mmoja baada ya mwingine kwa kidole, nikiandika. Matundu manne: upande, mbele na nyuma, juu na chini, kipimo cha biti. Kitufe chekundu hakina tundu. Nyaya zake mbili zinazunguka nyuma ya boksi, zimefungwa utepe mweusi mzuri kabisa, na zinaungana na nyaya za swichi za juu na chini. Yaani kwa bodi, kubonyeza kitufe chekundu na kichwa cha mashine kugusa mwisho wa juu ni habari moja. Haina namna ya kuzitofautisha.

Nikakaa chini pale sakafuni. Shemeji yako alidhani nimepata kizunguzungu. Nilikuwa napiga hesabu.

Siku ile umeme ulicheza kidogo. Ukicheza, mashine inasahau iko wapi, lazima uiamuru itafute mwanzo. Unajua inavyotafuta: inapanda juu mpaka iguse swichi, inarudi nyuma milimita tatu, halafu inaenda kushoto mpaka iguse, halafu nyuma. Katika dakika hiyo moja kugusa swichi hakuisimamishi. Ndicho inachokitafuta. Ikigusa inafurahi na kwenda hatua inayofuata.

Reli ilikuwa na unga wa mbao, nikawasha kinyonya vumbi. Na kwa kuwa rilei ni moja, ukiwasha kinyonya vumbi na mota ya kukata inazunguka nayo, isipokuwa uizime ubavuni. Ndivyo ulivyoifunga. Bomba la kinyonya vumbi likanasa kwenye daraja linalobeba kichwa. Nikabonyeza kitufe chekundu kwa mkono wa kulia mpaka kikalala. Kichwa kilikuwa kinapanda, kikasimama. Mota ilikuwa bado inavuma, nikadhani inamalizia mzunguko kama feni. Nikaingiza mkono wa kushoto kunasua bomba. Kichwa kikashuka milimita tatu, halafu daraja zima likaanza kuja kushoto. Lilikuwa milimita hamsini kutoka mkononi mwangu, na mwendo wake ni milimita ishirini na tano kwa sekunde. Sekunde mbili. Kwa kawaida sekunde mbili zinatosha kabisa kuondoa mkono. Lakini mtu aliyebonyeza kitufe chekundu hana haraka.

Fundi makochi wa mlango wa pili ndiye aliyekimbilia akachomoa plagi ukutani.

Kuhusu bodi, ya pili siitaki. Kumi na mbili toa tisa, zinabaki tatu. Ukiniunganishia swichi tena kama unavyopendekeza, zinabaki sita, lakini ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Nataka kila swichi tundu lake na jina lake. Kuna kitufe cha kusitisha kwa muda, kuna kipimo cha hewa, kuna swichi ya kujua biti imekaa. Hizo kumi na mbili zimekwisha kabla sijapumua. Nataka kumi na sita.

Nina neno jingine dogo. Juzi Mama alikuwa anakunja nguo, akasema kama anayejisemea, kwamba mwanangu pole, mtu akishtuka hata kitufe hakioni. Nikamuuliza nani kamwambia sikubonyeza. Akaendelea kukunja. Alikunja shati moja mara tatu.

Swali langu la mwezi wa tatu lilikuwa tundu gani, na hilo nimelijibu mwenyewe kwa drili. Sasa nauliza lililobaki: ulipoziunganisha zile nyaya, ulijua kwamba mashine ikitafuta mwanzo kitufe kinakuwa si kitu?

Naminya mpira wangu, nasubiri.

Dada yako

*

27 Mei

Dada,

Nisamehe kuchelewa, wiki tano si mchezo. Mtoto alilazwa siku nne kwa kile kifua, sasa ametoka na anavunja vitu kama kawaida. Fundi mmoja tena ameondoka kazini, tumebaki watatu. Nalala nimekaa. Hata barua hii naiandika kwenye chumba cha mashine juu ya paa la jengo la watu, nimekalia boksi la spana, na chini huko kuna mzee amekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ananipigia kengele. Hana hatari yoyote, ana hasira tu. Nitamfikia.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Ni ile bodi ya kumi na sita, yenye nane za kutoka. Usiniulize imepatikanaje, ni zawadi kwako kutoka kwangu na wifi yako. Usiiguse. Mwishoni mwa mwezi wa saba nitaomba likizo nije niifunge mwenyewe, vizuri, kila swichi tundu lake kama unavyotaka. Tutachoma nyama, tutacheka, mambo yataisha.

Kuhusu kuunganisha swichi kwenye waya mmoja, dada, hilo ni jambo la kawaida kwenye mashine ndogo. Watu wote wanafanya. Boksi la binamu yetu, mwenye mashine kama yako, nililifunga wiki ile ile na la kwako, nyaya zile zile, na mashine yake inakata mbao mpaka leo bila neno. Kwa hiyo usiongee kama vile nilitega mtego.

Na Mama sikumwambia hukubonyeza. Nilimwambia kwamba mtu akishtuka anaweza kudhani amebonyeza. Ni maneno mawili tofauti. Sikuwepo pale, nitajuaje? Hakuna mtu aliyekiona kitufe.

Tafadhali usimsumbue binamu na haya. Amepata kazi kubwa, mwache ale.

Kengele inalia tena. Ngoja nimtoe mzee wa watu.

Ampea

*

18 Juni

Mdogo wangu,

Nimefurahi mtoto ametoka hospitali. Nimefurahi kweli, usisome haraka. Hapa shemeji yako amepunguza mafuta kama ulivyomwagiza, na sasa chakula chake hakina ladha kabisa. Mama amerudi kwake wiki iliyopita. Aliondoka bila kunitazama vizuri, akanipapasa bega upande wa mkono mbovu kama mtu anayempapasa mbwa asiyemfahamu.

Bodi imefika salama. Nimehesabu matundu, ni kumi na sita na nane kweli. Iko kwenye katoni yake, juu ya rafu, na hutaifunga wewe. Nitaifunga mwenyewe, nina karatasi yake ya maelezo na nina vidole vinane. Asante kwa bodi. Lakini wewe nilikuuliza swali ukanitumia kifurushi.

Sasa nami niseme langu ambalo sikulisema. Ile swichi ya ubavuni ya mota sikuizima siku ile. Kila siku nilikuwa naizima kabla ya kuwasha kinyonya vumbi, miaka miwili, na siku ile sikuizima. Sina sababu. Nilikuwa na milango tisa ya kumaliza na nilichoka. Ningeizima, biti isingezunguka, na leo ningekuwa na michubuko tu. Hilo ni langu, nimeliandika kwa wino na kuweka tarehe juu. Unaweza kumsomea Mama. Nimelibeba miezi minne nikijua kwamba nikilitoa, utalishika hilo tu na kuliacha lako. Nimechoka kulibeba, chukua.

Lakini kubonyeza nilibonyeza. Umesema hakuna aliyekiona kitufe, ni kweli. Fundi makochi alinitazama mimi, na shemeji yako aliyekuja kufagia damu jioni alikiinua bila kufikiri. Sasa nisikilize. Ile mashine haijawashwa tangu plagi ichomolewe, na kile kichwa kinakaa kwenye parafujo, hakiwezi kushuka chenyewe. Juzi nilichukua rula ya chuma nikapima. Kutoka kichwani mpaka swichi ya juu ni milimita sitini na nne. Mpaka swichi ya chini ni hamsini na sita. Jumla mia moja na ishirini, ndio mwendo wake wote, hakuna kilichopotea. Nikafungua kompyuta nikatazama mashine iliandika nini saa nne na robo. Imeandika: mwisho wa juu umeguswa, rudi milimita tatu, nenda kushoto. Mwisho wa juu umeguswa, na kichwa kiko milimita sitini na moja chini yake. Kwenye waya ule kuna vitu vitatu tu, swichi ya juu, swichi ya chini na kitufe. Swichi mbili ziko mbali. Niambie wewe fundi, nani aliugusa?

Nilidhani hilo litatosha nitulie. Halafu wiki iliyopita nikaenda mazoezi, lifti ya hospitali imekufa. Fundi wake, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufi kwenye joto lile, alikuwa amefungua mlango wa chini kabisa amesimama shimoni mpaka kiunoni. Na mimi ngazi sikutaka, nikakaa kwenye benchi na mpira wangu, nikamtazama. Mle shimoni ukutani kuna kitufe chekundu. Nikamuuliza kile kinapeleka habari wapi. Akacheka. Akasema:

"Mama, hiki hakipeleki habari kwa mtu. Kinakata umeme. Ningekuwa naiomba kompyuta ruhusa nikiwa humu chini, si ningekuwa nimeshakuwa chapati?"

Nikamuuliza hilo linafundishwa mwaka wa ngapi. Akanitazama kama nimemtania. Akasema siku ya kwanza, kabla hujapewa ovaroli, na anayelisahau harudishwi siku ya pili.

Wewe una miaka kumi na moja kwenye lifti.

Nilipanda ngazi siku ile, ghorofa nne, ngazi themanini na nane. Nilitaka kuchoka kwa kitu kinachoeleweka.

Uliniomba nisimsumbue binamu. Nimemsumbua. Nilimpigia Jumapili nikamweleza yote, nyaya, kutafuta mwanzo, vipimo. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu yule, mtoto wa mjomba. Kisha akasema, "Dada, Ampea kanieleza. Mashine ilikuwa nzima, ila hukukiwahi kitufe. Na mimi cha kwangu nimekijaribu, kinasimamisha."

Nikamuuliza alikijaribu wakati gani. Akasema mashine ikiwa inakata. Ndiyo, ikiwa inakata kinasimamisha, hata cha kwangu kilikuwa kinasimamisha ikiwa inakata, ndiyo maana nilikiamini. Nikamwomba akijaribu ikiwa inatafuta mwanzo. Akasema ulimkataza kuchezea mambo ya boksi, na fundi wa umeme ni wewe, mimi ni seremala niliyeumia, na anaelewa uchungu wangu. Nikasema nitasafiri siku mbili niende nimwonyeshe. Akasema nisijichoshe na mkono huu. Alisema kwa upole kabisa. Ningependa angenitukana.

Kazi kubwa uliyosema nimwache ale, nimeijua sasa. Ni milango ya vyumba sitini na vinne. Yeye atakuwa huko kwenye jengo anaifunga, na anayesimama kwenye mashine kuanzia Jumatatu tarehe 30 ni mke wake. Amemfundisha kwa siku tatu. Ameniambia kwa fahari kwamba amemfundisha ukiona lolote bonyeza chekundu, ukishabonyeza hakuna cha kuogopa.

Umeelewa hapo? Amemfundisha kuamini kile kitufe. Umeme wa kwao unacheza kuliko wa kwetu. Kwa siku mashine inaweza kutafuta mwanzo mara tano, mara sita. Kinyonya vumbi chake nacho kiko kwenye rilei moja na mota, si ndiyo? Wiki ile ile, nyaya zile zile, umeniandikia mwenyewe.

Mimi nimemaliza maneno yangu yote kwa binamu, hayakutosha, kwa sababu yako yalinitangulia. Ya kwako peke yake ndiyo yatakayomsimamisha. Na hutaweza kumwambia azime mashine bila kumwambia kwa nini, na ukimwambia kwa nini atajua mimi nilibonyeza, na Mama atajua, na wifi yangu atajua. Naona hesabu hiyo unavyoipiga, nimeishi na wewe chumba kimoja miaka kumi na minne. Ndiyo maana unachelewa wiki tano. Sidhani kama wewe ni mtu mbaya. Nadhani siku ile bodi ilikuwa imekuishia matundu, basi la kurudi lilikuwa saa tisa, ukafunga ule utepe mweusi ukasema utarudi. Lakini hayo ninayadhani mimi. Wewe hujasema hata moja.

Kwa hiyo sitaki pole nyingine, sitaki kifurushi, na likizo yako ya mwezi wa saba kaitumie na watoto. Barua hii nampa dereva leo, Jumatano, itakuwa mikononi mwako kabla ya Jumapili. Mpigie binamu azime ile mashine na umweleze waya ule unaenda wapi. Halafu unipigie mimi. Mtandao ukikatika, piga tena. Nitaketi mezani na simu na sitakuwa na kazi nyingine yoyote.

Swali ni lile lile la mwezi wa nne na lina jibu la neno moja. Ulipokifunga kile kitufe kwenye waya wa juu, ulijua kwamba mashine ikitafuta mwanzo hakitamsaidia mtu, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya Ijumaa tarehe 27, saa sita kamili mchana.

Dada yako